Mbeya na Iringa Zilipolingana

Mjukuu wangu Neema ni mhandisi wa maji, na siku hizi anajifunza lugha ya kompyuta. Juzi alikuja kwangu Uyole, begi la kompyuta begani, uso umechangamka.

"Babu, imekubali! Nimeandika programu ya kupiga hesabu za mto, nikampa Juma, yule mwenzangu wa kazini, naye akaijaribu kwenye mashine yake. Majibu yetu yamelingana mpaka tarakimu ya mwisho!"

Nikamuuliza, "Hiyo programu ya Juma aliiandika nani?"

"Mimi, Babu. Si nimekwambia nilimpa?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, ikabidi aniletee maji. Akanuna, maana alidhani namcheka ushamba. Kumbe nilikuwa najicheka mwenyewe, mimi Ambokile wa miaka ya hamsini, kijana wa darasa la kumi, mwenye kalamu ya wino mfukoni na kichwa kikubwa kuliko kofia. Nikamwahidi kumwandikia kisa chenyewe, asome yeye na wenzake wote wanaosomea sayansi na uhandisi. Basi sogeeni, enyi mnaodhani lugha ya mashine imeanza na ninyi.

Nianze na mwisho ili msikae roho juu: maji yalifika. Mfereji ule ulichimbwa, maji yakatembea, na watu wakalima viazi na maharage hata wakati wa kiangazi. Naeleza mapema kwa sababu mimi sikubahatika kuelezwa mapema. Nililala usiku mmoja bila kujua kama yatafika, na sitaki mtu mwingine apate usiku ule, hata kwa kusoma.

Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya upimaji, Mbeya mjini. Wapimaji walikwenda porini na darubini zao, wakarudi na madaftari yamejaa namba na matope, na sisi makarani tukazigeuza namba zile kuwa kitu cha maana: mlima una urefu gani, barabara ipite wapi, maji yatashuka au hayatashuka. Kompyuta haikuwepo. Kompyuta ilikuwa ni mimi, pamoja na mashine ya chuma yenye uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Ilikuwa na vipini vidogo vya kupangia namba, mpini mkubwa wa kuzungusha ubavuni, na kidirisha cha kusomea jibu. Ukizungusha mbele inajumlisha, ukizungusha nyuma inatoa. Kuzidisha kwa saba ni kuzungusha mara saba. Na jibu likishuka chini ya sifuri, kengele inalia ngʼaa, ofisi nzima inakugeukia.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Ramji, karani mkuu wa hesabu. Nduguye alikuwa na duka la vitambaa mjini, lakini yeye vitambaa vilimshinda, alipenda namba. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba hesabu nazijua, nilikuwa wa kwanza darasani. Hakubisha. Alikaa mbele ya mashine, akafumba macho.

"Leo mimi si mtu," akasema. "Leo mimi mashine. Wewe sema, mimi nafanya."

Nikaona huu ni mchezo wa watoto. Nikasema, "Weka mia mbili na kumi na nne." Akapapasa vipini, akaweka. Nikasema, "Zungusha." Akazungusha. Akazungusha tena. Akaendelea kuzungusha, macho kayafumba, mashine inatafuna chuma kwa chuma, na chai yake inapoa pembeni.

"Bwana Ramji, inatosha!"

"Wewe sema zungusha," akajibu bila kufumbua macho. "Wewe hapana sema mara ngapi."

Nikarekebisha. Zungusha mara sita. Akazungusha mara sita. Nikampa hesabu ya pili, jibu likatoka la ajabu, kubwa mno. Hakuwa amefuta jibu la kwanza, kwa sababu sikumwambia afute. Nikamwambia, lakini Bwana, hilo si kila mtu anajua? Akafumbua jicho moja. "Mtu anajua. Mashine hapana jua kitu. Mashine iko mtii sana, na mtii sana iko hatari."

Ilinichukua siku tatu nzima kujifunza kusema: panga, zungusha mara sita, acha, soma, andika, futa. Ndugu zangu, nikiwaona leo mnagombana na kompyuta kwa sababu mlisahau alama moja, nawahurumia. Lakini ninyi kompyuta inawakatalia. Yangu ilikuwa inakubali kila kitu, kisha inanipa upuuzi kwa adabu kubwa.

Ilikuwa na vituko vyake pia. Iliwahi kuharibika nikatumwa kuipeleka Iringa kwa fundi. Nilisafiri nayo kwa basi, nimeipakata mapajani kama mgonjwa, imefunikwa kitenge cha mama yangu. Mama mmoja akaniuliza kama ni cherehani. Mzee mmoja akasema hapana, ni santuri, akaniomba nimpigie wimbo mmoja tu. Mtoto aliyekaa jirani yangu akaingiza mkono chini ya kitenge akazungusha mpini kinyumenyume. Kengele ikalia. Dereva akakanyaga breki akidhani kuna baiskeli mbele, kuku wakarushwa kutoka viti vya nyuma, na mimi nikatukanwa kwa Kinyakyusa, Kibena na Kisangu kabla hatujafika mbali.

Tulipofika Ipogolo, pale chini kabla ya kupanda mlima wa mjini, alinipokea Lukas Kikoti. Huyu alikuwa karani mwenzangu wa hesabu upande wa Iringa, Mhehe mpole, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka. Tukaibeba mashine kwa zamu kupanda mlima. Kila nikimwambia tufanye haraka, yeye ananijibu, "Mlima haukimbii, Ambokile." Nilimpenda siku ile ile, na siku ile ile nikaamua kwamba ni mzito. Vijana wana haraka ya kuwapima watu, hata kabla hawajafundishwa kupima ardhi.

Sasa sikilizeni desturi ya ofisi zetu, maana kisa chote kimelala hapo. Kila hesabu kubwa ilipigwa mara mbili, Mbeya na Iringa. Daftari la mpimaji lilinakiliwa, nakala ikasafiri kwa basi hadi kwa Lukas. Yeye anapiga kwa njia yake, mimi kwa njia yangu, bila kuulizana. Kisha Bwana Ramji anaweka majibu mawili sambamba. Kama yanakaribiana, muhuri unagongwa na kazi inakwenda porini. Kama yameachana sana, tunarudi mwanzo.

Hayakuwahi kulingana kabisa. Darubini zetu zilikuwa na kasoro ndogo ndogo, kila kipimo kilihitaji marekebisho kidogo kufuatana na umbali. Lukas alikuwa akikata desimali kila mstari, mimi nikikata mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo tulipishana kwa sehemu moja au mbili za mia za futi. Hilo liliniudhi. Nilitaka siku moja tulingane, ionekane kwamba kazi yetu ni safi.

Wakati huo makarani wapya walikuwa wanakuja, na maelekezo ya ofisi yalikuwa ya Kiingereza kigumu. Nikaandika yangu, kwa Kiswahili. Niliita karatasi ya hatua. Hatua kumi na nne, moja moja, kila moja inasema ufanye nini, mara ngapi, usome wapi, uandike wapi, ufute lini. Bwana Ramji akamwita tarishi wetu, mtu ambaye hajawahi kugusa mashine maishani, akamkalisha na karatasi yangu. Tarishi akafuata kidole kwa kidole, jasho linamtoka. Jibu likatoka sahihi.

Jamani, sijui niwaeleze vipi furaha ile. Mtu asiyejua kazi amefanya kazi kwa sababu mimi nimeandika vizuri! Ndiyo furaha hiyo hiyo niliyoiona usoni kwa Neema. Wala siibezi. Ila furaha hiyo ina mlango wa nyuma, na kiburi ndipo kinapoingilia. Niliinakili karatasi ile kwa wino mweusi, nikapiga mistari kwa rula, nikamtumia Lukas kwa siri ndani ya bahasha ya kazi. Nikamwandikia: *Achana na njia yako ya kizee. Fuata hii kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze. Utanishukuru.*

Kazi iliyokuja baada ya hapo ilikuwa ya mfereji wa Uyole.

Wakulima wa upande ule walitaka kuvuta maji kutoka kijito cha mlimani hadi mashambani, kama maili mbili. Walikuwa wameshajaribu wenyewe miaka ya nyuma. Mtu mmoja aliyejiita fundi alikadiria kwa jicho, watu wakachimba msimu mzima, na maji yalipofika katikati yakasimama. Hayakwenda mbele wala hayakurudi nyuma. Vyura wakahamia. Mahali pale pakaitwa Mfereji wa Vyura, na watu wa vijiji vya jirani wakipita walikuwa wanauliza kama vyura wameshavunwa.

Aliyewatia moyo wajaribu tena ni Mama Atupele, mjane mwenye sauti ya kufika ngʼambo ya bonde, mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyekuja ofisini kwetu kuomba wapimaji, akakaa kwenye benchi siku mbili mpaka akasikilizwa. Siku anaondoka alinikuta mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimewaahidi watu kwa jina langu. Safari hii maji yakisimama, sitaweza kupita njiani."

Nikamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, sisi hatukadirii kwa jicho.

Mpimaji msaidizi aliyepewa kazi ile alikuwa ametokea Iringa. Alikwenda, akapima, akarudi na daftari la kurasa kumi na mbili. Kila mstari ulikuwa na vipimo viwili, cha nyuma na cha mbele, na tofauti yao inakuonyesha ardhi imeshuka kiasi gani. Nikaweka karatasi yangu ya hatua mezani, nikaifuata. *Hatua ya tano: chukua kila mstari wa ukurasa, wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka.* Nikazungusha siku nzima. Jibu likasema mteremko wote, kutoka kijitoni hadi mashambani, ni futi saba na kidogo. Si haba, maji yangeshuka yenyewe.

Ijumaa basi likaleta bahasha ya Iringa. Bwana Ramji akafungua, akaweka karatasi mbili sambamba. Akatazama. Akatazama tena, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Iko sawa," akasema.

"Imekaribia?"

"Iko sawa sawa. Mpaka mwisho."

Niliruka kutoka kwenye kiti. Mbeya na Iringa zimelingana! Yeye hakuruka. Alikuna kidevu akasema kwamba miaka yote hajaona kitu hicho. Lakini desturi ilisema majibu yakaribiane, na haya yalikuwa yamekaribiana kuliko yote, hivyo hakuwa na sababu ya kuzuia. Muhuri ukagongwa. Habari ikapelekwa Uyole siku ile ile: Jumatatu chimbeni.

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua yangu kutoka kwa Lukas. Niliisoma mbio mbio mistari ya juu tu, nikaona amenisifu, nikaitia mfukoni.

Jumamosi ofisi ilifungwa adhuhuri. Nilikwenda chumbani kwangu, nikala, nikajinyosha kitandani, nikatoa ile barua. Sikuitoa kwa sababu ya bidii ya kazi, nisije nikawadanganya. Niliitoa ili nisome sifa zangu mara ya pili. Iliandikwa hivi, ikianza kwa salamu ya Kihehe:

*Kamwene ndugu yangu Ambokile. Karatasi yako ni nzuri sana, nimemaliza kwa siku moja kazi ya siku mbili. Nimefuata kama ulivyoagiza, sikuongeza wala kupunguza. Hata ile mistari ya juu ya kila ukurasa, ambayo sisi Iringa huwa tunairuka, nimeihesabu kama hatua ya tano inavyosema. Nadhani ninyi Mbeya mna sababu yenu. Wasalimie wote.*

Nilirudia sentensi ile. Mistari ya juu. Huwa tunairuka.

Nikaketi. Nilikuwa na nakala yangu ya daftari chumbani, nikaifungua. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza, na mstari wa kwanza wa ukurasa wa pili: namba zile zile. Mwisho wa wa pili, mwanzo wa wa tatu: zile zile. Mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Mpimaji hakupima mahali pale mara mbili. Alikuwa ameurudia mstari kwa kuunakili tu.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Huko Iringa, zamani kidogo, daftari liliwahi kuanguka mtoni pale chini Ipogolo. Walilipata, lakini uzi umekatika na kurasa zimetawanyika. Wakazianika juu ya mawe, zikakauka vizuri, ila hakuna aliyejua upi unafuata upi. Tangu hapo wapimaji wa Iringa wakafundishwa kuurudia mstari wa mwisho juu ya ukurasa unaofuata, ili kurasa zitambuane. Na makarani wa Iringa wakafundishwa kuuruka mstari ule kila wanapoukuta umejirudia. Sisi Mbeya daftari letu halikuwahi kuogelea, desturi hiyo hatukuwa nayo. Karatasi yangu niliiandika kwa madaftari ya Mbeya, kana kwamba dunia nzima inaandika kama Mbeya.

Mnaona nilivyofanya? Desturi ya kupiga hesabu mara mbili iliwekwa kwa ajili ya siku kama ile. Lukas angepiga kwa njia yake, angeiruka mistari ile bila hata kufikiri, majibu yetu yangeachana, tungegundua. Mimi nikamnyangʼanya njia yake nikampa yangu. Vichwa viwili nikavifanya kimoja, tena kile chenye makosa. Na mimi mwenyewe namba zile zilipita mbele ya macho yangu mara kumi na moja! Mkono ulikuwa unafuata karatasi, jicho likalala.

Nikatoa mistari kumi na moja iliyojirudia, kwa kalamu. Kila mmoja ulikuwa umeongeza mteremko wa nusu futi hivi ambao haupo duniani. Futi saba zikabaki moja na nusu. Moja na nusu kwa maili mbili za udongo na majani! Maji yangesimama, na vyura wangepata makao mapya.

Nawaambia ukweli, wazo la kwanza halikuwa la Mama Atupele. Lilikuwa la kibarua changu. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi: muhuri umeshagongwa, Iringa imekubali, hakuna anayejua ila mimi, na maji yakisimama watalaumu udongo. Wazo hilo lilikaa na mimi mpaka alfajiri, na nalionea haya mpaka leo. Lililolifukuza ni lile neno la Mama Atupele, kwamba hataweza kupita njiani.

Mficha uchi hazai. Jumapili asubuhi na mapema nilibisha mlango wa Bwana Ramji, nyuma ya lile duka la nduguye. Alikuwa amevaa shuka, anakunywa chai. Nikamwekea barua na karatasi mbele, nikasema yote, hata ile ya kutuma kwa siri. Nilitarajia anitimue. Alisoma, akahesabu kwa vidole, akanisukumia kikombe.

"Kunywa kwanza. Kosa iko kwa karatasi bado," akasema. "Haijafika kwa jembe. Karatasi hapana umwa mgongo."

Nililia, sioni aibu kusema. Kisha akavaa, tukaenda wote kwa Bwana Mpimaji Mkuu, Mwingereza mrefu aliyeongoza ofisi yetu, tukamkuta anamwagilia maua yake. Alisikiliza yote bila kuweka chini kopo la maji. Mwisho akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu, "Nani kuharibu?"

"Mimi, Bwana."

"Nani kuona?"

"Mimi, Bwana."

Akamwagilia ua moja zaidi. "Basi wewe kwenda Uyole. Leo. Wewe kusema."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote, na ningechagua viboko.

Nilikwenda kwa baiskeli ya Bwana Ramji. Nikawakuta watu ndiyo wanatoka kanisani, na nje kuna majembe yameegemezwa ukutani yakisubiri kesho yake, na mitungi ya togwa imefunikwa kwa majani ya mgomba. Wanawake walikuwa wameiandaa kwa ajili ya wachimbaji, kama ilivyo kawaida ya kazi ya pamoja. Mama Atupele aliponiona akapiga vigelegele, akidhani nimekuja kuwaunga mkono.

Nikasimama kwenye ngazi ya kanisa. Nikasema, "Msichimbe. Hesabu nimekosea mimi. Siyo mpimaji, siyo ofisi. Ni mimi. Mkichimba pale palipowekwa vigingi, maji yatasimama."

Mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tena?" Neno hilo moja lilinichoma kuliko matusi yote ya kwenye basi.

Mama Atupele akaja mbele yangu. Akanitazama kutoka viatuni, vyenye matope, hadi usoni. "Umekosea lini?"

"Nimejua jana, Mama."

"Na leo umekuja."

"Ndiyo, Mama."

Akawageukia watu. "Yule wa kwanza alikuja lini kutuambia amekosea?"

Mtu akajibu, "Mpaka leo tunamsubiri."

Kicheko kikaanza pembeni, kikatembea, kikawa cha wote. Mama Atupele naye akacheka, ila macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Vyura tayari tunao, mwanangu," akaniambia. "Nenda katutafutie maji."

Kisha mtu akauliza togwa ifanyweje, maana haiwezi kusubiri. Ikaonekana haifai kumwagwa. Basi tukainywa, kusherehekea mfereji ambao haukuchimbwa. Kibuyu cha kwanza nilipewa mimi, na togwa ilipita kooni kama nimerudishiwa uhai.

Wapimaji walirudi mlimani, wakapata mahali pa juu zaidi pa kutega kijito. Walipima upya, daftari likaja, nakala ikaenda Iringa. Safari hii barua yangu kwa Lukas ilikuwa fupi: *Kamwene. Ichane karatasi yangu. Piga kwa njia yako ya kizee, na usiniambie kitu.* Mimi nikapiga kwa njia yangu, nikiwa nimeongeza hatua mpya kuhusu mistari ya juu. Kisha tukangoja basi siku nne. Sikuwa na usingizi mzuri hata siku moja.

Bahasha ilipofika, Bwana Ramji aliweka karatasi zote mbili mbele yake, mimi nimesimama nyuma ya kiti siwezi kutazama.

"Mbeya," akasema, "nane nukta moja saba."

Nikashika mgongo wa kiti.

"Iringa, nane nukta moja tisa."

Tumepishana! Sehemu mbili za mia za futi, hata upana wa ukucha wangu haufiki. Kule Iringa, mtu mwingine, kwa akili yake mwenyewe, alikuwa amepita njia yake akafika karibu na mlango wangu. Bwana Ramji akacheka mpaka tumbo likamtikisika, akainua muhuri, akanipa mimi niugonge. Nikaugonga kwa mikono miwili.